Uchungu wa Mbuzi wa Bashiru

"Kama haumwi, mbona anasaga meno?"

Bashiru alikuwa ameshauliza hivyo mara mbili, na safari hii alisahau hata adabu ya kukaa chini. Alisimama katikati ya uwanja wa Bi Salima, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja kudai mahari yake irudishwe. Tangu alfajiri, alisema, mbuzi wake anasaga meno, analala, anainuka, anaparura chini kwa kwato, anageuza shingo kujitazama mkiani. Mbuzi yuko kwenye uchungu, na yeye Bi Salima anamenya muhogo.

Bi Salima hakuacha kumenya. Akamweleza, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, kwamba uchungu wa kuzaa walipewa mabinti wa Hawa na mnyama akasamehewa. Mnyama anazaa kama mtu anavyopiga chafya. Akishamaliza anajikung'uta, anaendelea na majani yake.

"Umeshaona mbuzi kakaa arobaini?" alimuuliza. "Umeshaona mbuzi kakandwa maji ya moto? Na wewe umezaa lini, mwanangu, hata uje kunifundisha mimi uchungu?"

Tusidanganyane, Bi Salima alikuwa na haki ya kuvimba. Kabla wanawake wa Kilwa Kisiwani hawajaanza kuvushwa kwenda kujifungulia ng'ambo, Masoko, yeye ndiye aliyewapokea watoto wa kisiwa hiki, wengine sasa wana ndevu. Tena ni kungwi. Wasichana wamefundwa naye jinsi ya kukaa, kusema, na zaidi ya yote jinsi ya kunyamaza. Mwanamke akizaa kwa makelele, hapa wenzake hawamwachi. Atachekwa kisimani mpaka mtoto aote meno. Mtu wa heshima hiyo, Ijumaa asubuhi, anaitwa kwenda kumzalisha mbuzi.

"Nimepokea watoto wa mashehe," alisema. "Leo nikapokee mjukuu wa beberu."

Lakini Bashiru hakuwa na kwingine pa kwenda.

Bashiru ni msuka vitanda. Kazi hiyo aliifuata mpaka kijiji cha Sudi, kwa mjomba wake, akiwa kijana, akarudi nayo kisiwani, na mpaka leo, pamoja na magodoro yote yaliyojaa madukani, mtu wa hapa akitaka kitanda cha kulala kwa raha wakati wa joto anamwendea yeye. Matendegu anachonga mwenyewe, mifumbati ya kuyaunganisha anachonga mwenyewe, kamba za ukindu anasokota mwenyewe akiwa amekaa mlangoni anapiga soga na kila apitaye. Nusu ya watoto wa kisiwa wametungwa mimba juu ya kamba zake, na hana haya ya kuwakumbusha baba zao.

Kwenye kamba ana mkono wa baraka. Kwenye mifugo ana mkono wa mkosi. Alifuga kuku, kicheche akala wote akabakiza jogoo mmoja, nadhani kwa ajili ya kumcheka. Alifuga njiwa, wakarudi kwa aliyemuuzia, na yule bwana bila haya akamuuzia tena. Alifuga bata, bata wakala mabaki ya kamba za nailoni, mmoja mmoja wakalala miguu juu. Kila msiba, mkewe Esha ndiye aliyefukia.

Kwa hiyo Bashiru aliporudi kutoka Songo Mnara na mbuzi jike amempakata mapajani ndani ya boti, kama bwana harusi anayehofia bibi harusi asilowe, Esha alitoka mlangoni akasema neno moja tu. Huyu ndiye wa mwisho. Akifa huyu, hakuna mnyama mwingine atakayekanyaga uwanja wake, hata kifaranga, hata paka wa kupita njia. Na Esha si mwanamke wa kusema kitu asikitende.

Mbuzi akaitwa Bibie. Bashiru akamjengea banda zuri kuliko jiko la mkewe. Jioni hukaa naye akamsimulia habari za kutwa, nani kaja, nani kaagiza kitanda, nani bado anasuasua. Esha husema kwa majirani kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kusimuliwa hata robo ya anayosimuliwa mbuzi. Anasema akicheka, lakini mwenye masikio husikia kuwa ndani ya kicheko kile mna mchanga.

Na sasa Bibie alikuwa anazaa uzazi wake wa kwanza, na haukuwa unakwenda vizuri. Pua ya mtoto ilikuwa imeonekana, na kwato moja. Ya pili haionekani. Bashiru alimpigia simu bwana mifugo, akamkuta Nangurukuru kwenye chanjo, katikati ya kelele za ng'ombe. Yule bwana alimwambia aoshe mikono kwa sabuni, apake mafuta, arudishe kichwa ndani taratibu, autafute mguu uliokunjika, aunyooshe. Kazi ndogo, alisema. Ndogo kwa mwenye mkono mdogo. Vidole vya Bashiru vimekomaa kwa kamba, kila kimoja kama kipande cha gome la mnazi. Alipojaribu, Bibie alimpiga teke la goti na kumtazama kwa jicho ambalo Bashiru anaapa lilikuwa la kumlaumu.

Ndipo akakumbuka mikono ya Bi Salima. Midogo, laini, yenye kujua njia gizani.

Basi akiwa pale uwanjani, ameona hoja ya meno haijafua dafu, Bashiru akatafuta hoja nyingine. Ukimpa Bashiru kamba atakufumia ua. Ukimpa maneno atajifunga nayo mwenyewe. Alisema kwamba, kwa kweli, uchungu si sawa kwa wote, ni bahati ya mtu. Wapo wanaoumwa, wapo wasioumwa.

"Mfano mke wangu," alisema. "Esha kanizalia watoto wawili, Kondo na Somoe. Nilikaa nje ya dirisha mara zote mbili, sikusikia hata mguno. Yule alizaa kwa raha zake. Lakini huyu mbuzi, Bi Salima, wallahi huyu anaumwa."

"Nani alikwambia sikuumwa?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Esha alikuwa amesimama kwenye ua, mkono mmoja umeshika mti wa uzio, pumzi juu. Alikuwa amekuja kumwita arudi, kwa maana mbuzi amelala chini na sasa hainuki. Habari hiyo aliiweka kando kwanza.

Bashiru aligeuka.

Esha hakumngoja. Alimpita kama unavyoupita mnazi, akaenda akachutama mbele ya Bi Salima, akamwamkia, akaitikiwa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kungwi wangu, ulinifundisha kunyamaza. Hukunifundisha kutoumwa."

Kisu cha Bi Salima kikasimama katikati ya muhogo.

Alimtazama mwari wake. Alikuwa amewahi kujisifu kwa Esha mbele ya makungwi wenzake mpaka Pande. Mwari wangu yule, hata paka angepiga kelele kumshinda. Sasa alikuwa anakumbuka kitu kingine.

"Nilikupa kanga uing'ate," alisema polepole. "Ulipomaliza ilikuwa na tundu. Ya kitambaa kizito, mpya."

"Na Bibie hana kanga," alisema Esha. "Ndiyo maana anasaga meno."

Bi Salima akaweka kisu juu ya maganda. Hakusema umenishinda, watu wa umri wake hawalisemi neno hilo, hulipitia kwa mlango wa nyuma. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi na kipande cha sabuni. Akamtazama Bashiru kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu.

"Kama ni mzazi," alisema, "basi atazalishwa kama mzazi. Sitaki mtu aniletee nusu nusu."

Bashiru aliitikia kwa moyo wote. Hakujua alichokiitikia.

Hapa kwetu, uzazi ukikwama, kila kilichofungwa ndani ya nyumba hufunguliwa. Masanduku yafunguliwe, milango iachwe wazi, nywele zilizosukwa zifumuliwe, fundo lolote la kamba au nguo lilegezwe, ili tumbo nalo lione mfano. Ni kazi ya dakika chache, maana nyumba ya kawaida ina mafundo mangapi? Ya mlango wa kuku, ya mfuko wa unga, ya chandarua, basi.

Hii haikuwa nyumba ya kawaida. Hii ilikuwa nyumba ya msuka vitanda.

Walipofika, Bibie alikuwa amelala ubavu, macho yametoka, mbavu zinapanda na kushuka. Bi Salima alipiga magoti, akampapasa tumbo, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa kazini. Mikono akaanza kuiosha. Esha akavua kilemba akafumua nywele, akafungua sanduku lake la nguo, akafungua kabati la vyombo. Bashiru kwa upande wake akafungua fundo la msuli wake, akaufunga tena haraka alipokumbuka kuna watu, akadhani amemaliza.

Bi Salima akaonyesha kwa kidevu.

Ukutani kilisimama kitanda cha Mwalimu Valentini. Mwalimu huyu, mtu wa Nachingwea, alikuwa amekiagiza tangu mvua za vuli na leo ndiyo siku ya kukichukua. Bashiru alikuwa amefunga kamba ya mwisho jana jioni. Ni kitanda ambacho hata yeye, aliyezoea, alikizunguka mara mbili kukitazama. Msuko wa macho ya samaki, umekaza hata ukidondosha limau linaruka.

"Na hicho?" Bashiru aliuliza.

"Hicho ndicho chenye mafundo kuliko nyumba nzima," alisema Bi Salima. "Au unataka mtoto apite wapi?"

Alijaribu kusema kwamba mbuzi hajui kitanda ni nini. Bi Salima akamjibu kwamba yeye ndiye aliyetoka asubuhi kukitangazia kisiwa kizima kuwa mbuzi ni kama mtu. Sasa mbuzi amekuwa mtu, naye achague. Bibie akasaga meno. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mchanga chini ya kiatu. Bashiru akamtazama mbuzi, akatazama kitanda, akakaa chini akaanza kufungua.

Mimi nasema, Bi Salima alikuwa anamkomoa. Wengine wanasema alikuwa anamtafutia kitu cha kushika asimsumbue. Vyovyote, mtu yule alifungua kitanda kizima, kamba baada ya kamba, na rundo la ukindu likapanda mpaka magotini, huku akimwambia Bibie jikaze mama, jikaze, naja, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa njiani.

Bi Salima wakati huo mkono ulikuwa umeshaingia. Macho amefumba. Alisema amekipata kichwa, anakirudisha. Mguu bado, umekunjika nyuma, umekwama pale palipo na mfupa. Bila kufumbua macho akasema, "Radhi."

Hilo nalo ni la lazima. Mzazi akikwama huombwa radhi na kuomba radhi, maana kinyongo ndani ya nyumba ni fundo lisiloonekana. Ila mbuzi hawezi kusema nani kamkosea. Ikabidi Bashiru aanze yeye. Alisogea, akashika sikio la Bibie, akaomba radhi kwa kumfunga mtini kutwa nzima siku alipotafuna kamba za ukindu, na kwa kumwita mwizi mbele ya wateja, na kwa vile alivyomficha kuwa boti ya kutoka Songo Mnara ilikuwa inavuja. Esha aliziba mdomo kwa mkono, mabega yanamruka.

"Na mwenye nyumba?" alisema Bi Salima. "Mama wa nyumba hii anamdai nani radhi?"

Kicheko cha Esha kikakatika.

Akasema yeye anadai. Hadai nguo wala dhahabu. Anadai supu.

Bashiru akauliza supu gani, na hapo alikosea tena, lakini palikuwa hapana jinsi.

Esha akamweleza, bila kupandisha sauti, nywele zake zimesimama huku na huku kama moto wa makuti. Siku alipozaliwa Kondo, Bashiru alitoka dirishani akaenda moja kwa moja barazani kwa wanaume wenzake, akawaambia mke wake anazaa kama mbuzi, kimya, hata ukuta haujui. Wanaume wakacheka, wakampa mkono. Maneno yakafika ndani kabla damu haijakauka. Na kwa vile mke hakuumwa, mume akaona kuku wa mzazi wa nini, mzima yule. Mwanamke mwenzake wa jirani alichinjiwa jogoo, akanywa supu ya pilipili mpaka jasho likamtoka. Yeye Esha akapewa uji. Kwa Somoe ikawa hivyo hivyo, uji.

"Na leo," alisema, "umetumia asubuhi yote kumlilia mbuzi."

Hata Bibie aliacha kusaga meno.

Bashiru ana kasoro zake na nimeshazitaja, ila si mtu wa kubisha jambo akiliona. Aliachia sikio la mbuzi. Alimgeukia mkewe, akakaa mbele yake pale chini, katikati ya kamba.

"Ulikuwa unaumwa sana?" alimuuliza.

Esha alimtazama. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, si mume, si kungwi, si mama yake mzazi.

"Nilidhani nakufa," alisema. "Mara zote mbili."

Bashiru akasukuma kamba kando, akamsogelea. "Supu yako nitailipa."

"Leo," alisema Bi Salima, macho bado amefumba.

"Leo," alisema Bashiru.

Na hapo Bi Salima akavuta pumzi, akasema ninao, akaunyoosha mguu. Wako watakaokwambia ni ile radhi. Wako watakaokwambia ni kitanda cha Mwalimu Valentini. Mimi nasema ni mafuta ya nazi na mkono unaojua kazi, lakini sitagombana na mtu. Bibie akainua shingo, akafungua mdomo, akatoa ukelele ambao watu gatini walidhani kuna aliyeanguka kisimani. Mtoto akateleza nje mzima mzima juu ya rundo la ukindu, mweusi, ana kipaji cheupe, anapiga chafya.

Bi Salima akajifuta paji la uso kwa kiwiko.

"Huyu," alisema, akimtazama mama mtu, "hakufundwa kwangu."

Walicheka mpaka Esha akalazimika kushika mwimo wa mlango. Bi Salima mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Kisha, akiwa ananawa, aliongeza neno moja bila kumtazama mtu: kwamba wari wake wajao atawaambia kunyamaza ni heshima, lakini anayetaka kulia na alie, na atakayemcheka kisimani aje aseme naye. Bibie alikuwa ameshasimama, miguu inamtetemeka, anamlamba mwanawe kwa bidii. Baada ya kitambo akatoa wa pili, bila msaada, na huyo akatoka naye kwa ukelele.

Mwalimu Valentini alifika baada ya swala ya Ijumaa, na vijana wawili wa kumbebea kitanda. Alikuta matendegu manne, mifumbati minne, na vitoto viwili vya mbuzi vimelala juu ya kamba ambazo angelalia yeye. Alielezwa. Alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mtoto aliyechelewa shule, akauliza kama sasa mafundo yanaweza kurudishwa. Akaambiwa Jumatatu. Basi akakaa kwenye mfumbati, akasema harufu ya jikoni si mbaya. Bashiru akatoa kichwa kwenye moshi akamwambia samahani, Mwalimu, hii ina mwenyewe.

Alikuwa anapika mwenyewe. Jogoo alikuwa ni yule yule aliyenusurika kicheche, na kumkamata kulichukua nusu ya vijana wa jirani. Manyoya hayakutoka yote. Kitunguu kiliungua upande. Pilipili aliitia kwa kukisia, kisha akasahau kama ameitia, akatia tena.

Esha alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, kanga mabegani, mgongo ameegemeza ukutani, kama mzazi hasa. Bi Salima alimwambia asiinuke hata nyumba ikishika moto. Bashiru akaleta bakuli kwa mikono miwili, akachutama, akamkabidhi. Akabaki amechutama hapo hapo, anatazama.

Esha alikunywa funda la kwanza. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, akatafuta pembe ya kanga. Alitoa unyoya mmoja mdomoni, akauweka pembeni kwa heshima. Akanywa tena. Alikunywa mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini, akatafuna na paja, akavunja mfupa, akanyonya.

"Hii ni ya Kondo," alisema, akijipepea. "Ya Somoe nimekusamehe. Pilipili uliyotia humu inatosha watoto wawili."